Kipimo cha Bwana Picha

Naanza kwa kuomba radhi. Mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu, na kwetu herufi r na l hupokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mkikuta moja imekaa mahali pa mwenzake, irudisheni wenyewe muendelee kusoma. Nimeishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa kushona suruali nzima, tena suruali ya mtu mnene. Mbele za watu maneno hunikauka, kwa hiyo nimeona niandike.

Ninayetaka kuwaeleza ni mtu aliyekuwa akipiga picha za eksirei katika hospitali moja hapa Mpanda. Jina lake nalijua ila sitalitaja, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa amelisahau kidogo. Mji mzima ulimwita Bwana Picha. Mke wake akaitwa Mama Picha, ingawa watoto wao walikuwa na majina mazuri ya ubatizo.

Nilimfahamu kwa sababu ya mfuko. Mimi nashona kwenye baraza ya duka, kando ya njia ya kwenda stesheni. Siku ya kwanza alipokuja aliweka makoti mawili meupe juu ya cherehani yangu akasema, "Kijana, nataka mfuko hapa." Akaweka vidole vitatu chini ya bega la kushoto. "Sio wa kalamu. Uwe na mfuniko, mfuniko uwe na kishikizo, na kishikizo kisichezecheze."

Nikauliza ni wa kutilia nini. Alitoa kitu kidogo cha plastiki, ukubwa wa kiberiti lakini chembamba, kina pini nyuma. Akakiweka kwenye kiganja changu kama mtu anayekuonyesha kifaranga.

"Hiki ni kipimo," akasema. "Ndani mna kipande cha filamu kimefungwa kwenye karatasi. Ile mionzi ninayopigia watu picha, nyingine inapotea njia inanifikia mimi. Mimi siioni, sisikii joto, sisikii harufu. Hiki kinaiona. Baada ya miezi miwili nakitoa, kinapanda treni kwenda Tabora, kinapelekwa mbele zaidi kwa wataalamu wanaokisoma, halafu naletewa barua kwamba mwili wangu umepata kiasi gani."

"Kwa hiyo leo hakikuambii kitu?"

"Hakiniambii. Kinakaa kifuani kwangu kimya, kinakwenda kusema mbali kwa watu nisiowajua, ndipo na mimi naambiwa."

Mama Picha alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha nyanya. "Kama wifi yangu," akasema.

Bwana Picha alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Sauti hiyo aliipata kazini. Mgonjwa akishasimama mbele ya mashine, yeye huenda nyuma ya ukuta mnene na kupiga kelele kutoka huko: "Vuta pumzi! Shikilia! Usitikisike!" Baada ya miaka mingi hakujua tena kusema kwa namna nyingine. Ukienda kwake kumsalimia utasikia, "Vuta kiti! Kaa!" nawe unakaa bila kutikisika mpaka chai ifike.

Tena alikuwa mtu wa kurudi nyuma. Kila kitu alikipa hatua tatu. Jiko likiwashwa, hatua tatu. Watu wakigombana, hatua tatu. Alisema katika kazi yake dawa ni tatu tu: uharaka, umbali na ukuta, na kwamba dawa hizo zinafaa pia kwa wadai na walevi. Lakini mtu huyo huyo, aliyefanya kazi na kitu kinachopenya nyama na kuacha mifupa, alikuwa akimwogopa bata mzinga wa jirani yake kiasi cha kuzunguka nyumba tano ili asipite ua ule. Nilimkuta siku moja anazunguka, nikashindwa kuzuia kicheko. Hakukasirika.

"Mionzi ina adabu," akaniambia. "Inakwenda moja kwa moja, ukijificha nyuma ya ukuta imekwisha. Bata mzinga anapinda kona."

Kulikuwa na hadithi ya aproni yake. Ilikuwa nzito kama gunia la chumvi lililolowa, ya kuzuia mionzi, na kwa kuwa ndani imetiwa madini ya risasi, wao hospitali waliiita aproni ya risasi. Bwana Picha aliisifia sana. Alisema huenda risasi hiyo ilichimbwa hapa hapa Mpanda enzi za mgodi, ikaenda Ulaya, ikarudi imevaa kitambaa. Habari za aproni ya risasi zikaenea mpaka porini. Siku moja akaja askari wa wanyamapori, kijana mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, akapiga saluti mlangoni.

"Mzee, tunaomba utuazime ile nguo siku mbili. Majangili wana bunduki."

"Nguo gani?"

"Ile isiyopenya risasi."

"Ndugu yangu, hii haizuii risasi. Hii ni ya risasi."

Askari akafikiri. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Hii inazuia mwanga."

"Mwanga!" Askari akamtazama kwa huruma. "Sasa mzee, mwanga umewahi kumwua nani?" Akaondoka akisema watu wa hospitali ni wachoyo.

Na waliokuja kupigwa picha nao walikuwa na yao. Neno lenyewe ndilo lililowachanganya. Mtu akiambiwa anakwenda kupigwa picha, anajiandaa kwa picha. Mzee mmoja alitoka Sibwesa kwa baiskeli, amefunga koti la suti kwenye mfuko wa plastiki ili lisiingie vumbi, akalivaa getini, akatia na kofia. Bwana Picha akamwambia avue, hata shati. Mzee akauliza, "Sasa nimevaa kwa ajili ya nani?" Picha ilipotoka aliitazama muda mrefu kwenye dirisha, akasema, "Huyu si mimi. Huyu amekonda mno."

Bwana Picha hakuwacheka. Aliwaeleza wote, mmoja mmoja, kwa sauti ile ile kubwa, mpaka waliokuwa nje kwenye foleni nao wakajua mapafu ya mwenzao yakoje.

Kwa kipimo chake lakini hakuwa na mchezo. Watu walidhani ni cheo. Mlevi mmoja alikuwa akimwita Bwana Afande. Siku ya harusi ya mpwa wa mkewe walimwomba akivae ili apendeze, akakataa. Jioni kilibaki hospitali, kwenye kabati mbali na mashine na mbali na jua. Alisema kipimo ni kama mswaki. Na kwenye mlango wa chumba chake alikuwa amebandika karatasi, kaandika kwa mkono wake, herufi kubwa za wino wa buluu: KIPIMO NI CHA MTU MMOJA. HAKIAZIMWI. HAKISHIKWI. MIMI MWENYEWE NIMESEMA.

Sasa nije kwa bibi yangu.

Bibi alianza kukohoa mwezi wa masika, akakohoa mpaka mahindi yakakauka shambani. Jenereta ya hospitali ilikuwa ikiwashwa kwa ajili ya picha Jumanne na Ijumaa. Jumanne moja nikampakia kwenye baiskeli nikampeleka. Mimi nilibaki nje ya mlango, chini ya ile karatasi, na kwa sauti za wale wawili hakuna neno lililonipita.

"Bibi, simama hapa, weka kifua. Mimi naenda kule nyuma, nitakwambia uvute pumzi."

"Unaenda wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Kufanya nini?"

"Mionzi isinipate."

Halafu Bibi akasema, "Kwa hiyo wewe unakimbia, mimi naachwa. Nani mwenye akili hapa?"

"Bibi, wewe unapigwa mara moja. Mimi niko humu kila wiki, kila mwaka. Kidogo kidogo inajaa."

"Na hicho kifuani ndicho kinachokukinga?"

"Hakikingi. Kinaandika tu. Mionzi ikinifikia, kinaandika."

"Basi na mimi kiniandike."

"Bibi, hiki hakiazimwi."

"Mwanangu, mimi nina wajukuu kumi na wawili, nimelima miaka hamsini, na sijawahi kuandikwa popote isipokuwa kanisani. Leo napigwa na kitu ambacho wewe mwanamume unakikimbia, halafu hata kuandikwa nisiandikwe? Sisimami."

Nilisikia viatu vya Bwana Picha vikirudi nyuma, hatua tatu. Kisha vikasogea mbele tena. Kisha, "Vuta pumzi! Shikilia!"

Njiani kurudi Bibi alikuwa ameshika kiti cha baiskeli, amefurahi kama ametoka arusi. "Nimeandikwa," akasema. "Alinibania hapa kiunoni kwenye khanga, ili kisizibe mapafu. Usimwambie mtu."

Mapafu yake yalikuwa na ugonjwa, akaanza dawa, akapona. Picha alipewa akakaa nayo. Aliitundika kwenye dirisha la chumba chake kama pazia, na asubuhi jua likipita ungeona mbavu zote, na chini pembeni kivuli cha pembe nne, kama vile amemeza kiberiti.

Mimi sikumwambia mtu. Ila siri ya Bibi ni siri mpaka Jumapili. Alikuwa na wenzake wa jumuiya, na wale nao walikuwa na wenzao, mmoja wao bibi mrefu wa kutoka makazi ya Warundi aliyekuja kuuza maharage. Kila aliyekuwa na kikohozi akaenda akitaka kuandikwa. Bwana Picha angeweza kumkatalia wa pili, lakini angesema nini, wakati wa kwanza amevaa? Katika miezi ile miwili mabibi saba walipigwa picha, na saba wote walivaa kipimo.

Kisha barua ikaja.

Haikuja na namba ndogo kama siku zote. Ilisema kiasi kilichoonekana kwenye kipimo kimepita kabisa kile alichozoea kupata, kwamba asiguse mashine tangu siku hiyo, apimwe damu, na mtaalamu atakuja kuchunguza. Mashine ikafungwa, maana hapakuwa na mwingine wa kuiendesha. Mwenye kikohozi akaambiwa asubiri au apande treni kwenda Tabora. Bwana Picha akapelekwa stoo kuhesabu mablanketi.

Mpanda ikasema: Bwana Picha ameungua kwa ndani.

Watu wakaanza kumwuguza. Sijawahi kuona mji unamwuguza mtu namna ile. Asali ilitoka porini kwa madumu. Supu ya kuku, supu ya kongoro, maziwa ya Wasukuma, samaki wakavu wa Karema. Mtu mmoja alileta maini ya mbuzi akasema yale ya ndani huponywa na ya ndani. Bwana Picha alikataa, wakadhani ni dalili, wakaongeza. Akanenepa kwa ugonjwa wa barua.

Mama Picha akaniletea suruali tatu za mumewe nizipanue kiunoni. Nilikuwa nafumua mshono wa kwanza nilipoona maji yanadondokea kitambaa. Nikadhani mvua. Alikuwa analia, bila sauti, huku ameshika futi yangu ya kupimia kama rozari.

"Ananiambia hajambo," akasema. "Miaka yote ananiambia mionzi haisikiki. Kwa hiyo akisema hajambo, nimwamini vipi? Huyu ananiacha, mwanangu. Ananiacha huku ananenepa."

Mimi nilijua. Niliinamisha kichwa kwenye suruali, nikaendelea kufumua.

Nilizipeleka mwenyewe kwa Bwana Picha. Alikuwa ameketi uani peke yake, mbele yake bakuli tatu za supu. Nikasema, nikitazama chini, "Bwana Picha, si ni wale mabibi?"

Hakupaza sauti. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ya kawaida, na ilikuwa nyembamba.

"Nani amekwambia?"

"Bibi yangu alikuwa wa kwanza."

Akasukuma bakuli. "Kijana, mimi ndiye niliyeandika ile karatasi mlangoni. Kwa mkono wangu. Nikisema, nani atanisikiliza tena nikimwambia simama mbali? Bora waseme naumwa kuliko waseme niliazima."

"Mama Picha analia."

"Najua analia." Akasukuma bakuli la pili. "Na jingine. Labda ni mabibi. Labda ni mimi. Nimekitumia kipimo kimoja kwa watu wanane, sasa nitajuaje langu ni lipi? Usiku nashika mbavu zangu nauliza, nyie, mko salama? Hazijibu."

Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilimwambia yote bila kupumzika, na sijui kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Bibi alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

"Kwa hiyo anaumwa kwa ajili yetu?"

"Haumwi, Bibi. Pengine haumwi. Kipimo ndicho kinachoumwa."

"Na mashine imefungwa?"

"Imefungwa."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Nikainama kumsaidia kuchagua mawe. Akanirushia punje ya mchele. "Nyie mnafika la saba, mnatoka mabubu." Akainuka, akatoa picha yake dirishani, akaikunja ndani ya khanga.

Mtaalamu alikuja kwa treni. Tulimtegemea mzee mwenye tai, akashuka dada mmoja mwembamba mwenye miwani na mkoba mkubwa kuliko yeye. Asubuhi ile alikuwa ndani ya chumba cha picha na daktari na Bwana Picha. Mimi nilikwenda na koti la kazi nililoliwekea kishikizo kipya, ili niwe na sababu ya kusimama pale. Na kwenye lango nikawaona mabibi wanaingia kwa mstari, sita, kila mmoja na picha yake kwapani. Wa saba alikuwa shambani, ila alituma yake.

Dada akasimama. "Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba. Tumekuja kushtaki," Bibi akasema.

"Kumshtaki nani?"

"Kujishtaki. Mmesema huyu baba ameungua. Hakuungua yeye. Kile kipimo tulivaa sisi."

Akafunua khanga, akampa picha. Jenereta haikuwashwa, kwa hiyo dada akaisogeza dirishani, na mabibi wengine wakaziinua zao wenyewe juu ya vichwa, mbavu za watu saba zikawaka jua. Katika kila moja, chini, kivuli cha pembe nne.

"Daktari," dada akauliza, "hiki hukukiona?"

"Nilikiona. Nilidhani ni alama aliyoweka ya kuonyesha kushoto."

"Hapa kiko kulia."

Daktari akavua miwani yake akaifuta.

Bibi wa maharage akaonyesha kwa mikono jinsi alivyokivaa, na mwingine akambishia kwamba yeye alikivaa juu zaidi kwa sababu ana kitambi, wakaanza kusukumana, na dada akacheka mpaka akaketi. Kisha akamgeukia Bwana Picha. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mbona hukusema?"

Bwana Picha akaonyesha mlango. Dada akaenda, akaisoma karatasi ile polepole, akarudi hacheki tena.

"Bibi zangu, nawashukuru. Mmeandikwa, tena sana. Nimesoma hicho kipimo nikatetemeka. Lakini ninyi mlipigwa mara moja, mtaishi. Huyu ndiye aliye hapa kila wiki, na miezi miwili hii mwili wake haumo kwenye karatasi yoyote. Angeungua kweli, nisingejua, na yeye asingejua. Hiki hakimkingi. Kinatuwezesha sisi wa mbali tumkinge."

Bibi alifikiri. "Kwa hiyo tulimvua."

"Mlimvua."

Bibi akaenda akasimama mbele ya Bwana Picha, akamtengenezea kola ya shati kama ya mtoto anayekwenda shule.

Damu ya Bwana Picha ilitoka safi. Aliandikiwa barua ya onyo, kali, akaisaini. Baada ya wiki chache mashine ilifunguliwa, na foleni ya kikohozi ilifika getini. Mama Picha hakumsamehe haraka. Siku tatu alimpa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni, akisema mgonjwa hali ugali. Siku ya nne yule bwana alikuja barazani kwangu kuomba muhogo.

Ndipo akanipa kazi nyingine. Alitaka vifuko vya kaki vya kuwavalisha mabibi, ukubwa wa kipimo, ndani karatasi ngumu tu. Nilishona vitano vizuri, kila kimoja na kishikizo. Bibi alikwenda kurudia picha baada ya dawa, akavalishwa, na kwenye picha daktari akaona kitu cha mviringo chenye matundu manne, akaandika kwamba mgonjwa amemeza kishikizo. Karibu apelekwe Tabora. Nikavifumua vyote nikaweka kamba.

Nilidhani Bwana Picha angewaambia mabibi kwamba vifuko vile vinaandika. Hakuwaambia. Nilimsikia mwenyewe: "Bibi, hiki hakipimi kitu. Hamna kitu ndani. Ni cha kushika tu." Na mabibi wakasema sawa, leta.

Mwaka jana alistaafu. Siku hiyo hiyo kipimo chake cha mwisho kilipanda treni kwenda kwa wale wataalamu, na yeye akapanda lori la magunia kurudi kwao Majimoto. Barua ilipokuja alikuwa ameshaondoka muda. Mimi nilikuwa nakwenda Majimoto kushona sare za shule, nikapewa niipeleke. Njia nzima niliishika mfukoni. Lori likiruka shimo, nashika mfuko kabla ya kushika bomba.

Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai, ana fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Akaiona bahasha, akaijua, akaketi palepale juu ya gunia. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. "Soma wewe," akasema. "Pole pole, ndiyo vizuri."

Nikasoma. Nilisoma kila neno, na nilipofika kwenye namba nilisimama kidogo kuhakikisha, na Mama Picha aliyekuwa mlangoni akasema, "Mbona unasimama? Mbona anasimama?" Ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kama zile za siku zote. Mama Picha alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa.

Bwana Picha akaingia ndani akatoka na daftari. Alikuwa amenakili humo kila barua, tangu ya kwanza, mstari mmoja kila miezi miwili, mwezi upande huu na namba upande ule. Nikamwandikia ya mwisho. Nilipopeleka macho juu nikaona mstari mmoja una miezi lakini upande wa namba hauna kitu.

"Huu je?"

"Huo ndio ule wa mabibi." Akaugusa kwa kidole. "Nimejua mwili wangu maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa hapo. Ningejaza nini? Sijui."

"Mimi najua," Mama Picha akasema.

"Unajua nini wewe?"

"Si nilikuwa naye? Andika, kijana. Miezi ile, kabla hiyo barua yao haijaja, alikula sahani mbili kila jioni. Alikoroma mpaka paka akahama chumba. Na kwenye arusi ya mpwa wangu alicheza mpaka kiatu kikapasuka. Mtu anayeungua ndani anapasua kiatu?"

"Hiyo si namba, mama."

"Namba ni mbili. Sahani mbili. Andika."

Bwana Picha alicheka mpaka fimbo ikamponyoka na kuku wakaingia kwenye mpunga, na hakuwafukuza. Akanisukumia daftari. Nikaandika kwenye ule mstari: Sahani mbili. Alikoroma. Alicheza. Bwana Picha akaomba ayaone, akayasogeza karibu na pua, kisha mbali, akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Hapa panatakiwa sahihi ya mpimaji." Mama Picha akapangusa mikono kwenye khanga, akachukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, ambalo miaka yote ile mimi sikuwa nalijua.

Basi nawaomba nyie mnaosoma. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayefanya kazi ya hatari, iwe ya mionzi, ya mgodini, ya moto au ya porini, niandikieni mnieleze anapimwa na nini, na huko ndani ya nyumba anapimwa na nani. Nikichelewa kujibu msinidhanie vibaya. Nitakuwa naandika.